Watu Hewa na Watu wa Kweli

Sensa ya mwezi Mei mwaka 2024 ilituonyesha kwamba Uganda ina watu milioni 45.9. Miaka kumi kabla ya hapo, katika sensa ya mwaka 2014, tulikuwa watu milioni 34.6. Kwa hiyo katika muda wa miaka kumi tu taifa liliongezeka kwa watu zaidi ya milioni 11, yaani watu zaidi ya 3,000 kila siku. Kwa hesabu ya kijeshi, ambayo wasomaji wa ukurasa huu wanaifahamu vizuri, ni kana kwamba kila alfajiri batalioni nne mpya zinaingia uwanja wa gwaride, hazina sare, hazina silaha, hazina chakula, zinasubiri amri na mgao wao.

Hesabu hizo zimefufua mabishano ya siku nyingi. Wako wanaosema kwamba umaskini wetu unatokana na wingi wa uzazi, na kwamba hatutaendelea mpaka tupunguze idadi ya watoto. Wako wengine wanaowajibu kwamba watu ndio utajiri wa taifa, na kwamba nchi yenye watu wengi ina soko kubwa na jeshi lenye nguvu. Sisi tunaona kwamba kila upande umeshika nusu ya ukweli, na kwamba liko jambo la tatu ambalo halitajwi inavyopasa, nalo ni rushwa. Mtoto anayezaliwa si laana kwa taifa wala si neema, mpaka kwanza ijulikane kama shilingi iliyotengwa kwa ajili yake imemfikia au imeishia njiani. Ikimfikia, huyo ni mkulima bora, fundi, mwalimu na askari wa kesho. Ikiishia njiani, huyo ni mgonjwa asiye na dawa, na akisalimika atakuwa kijana asiye na kazi wala ujuzi, ambaye siku moja nyinyi mtaamriwa kwenda kumtawanya barabarani.

Tunawaandikia hasa nyinyi askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu mbili. Kwanza, nyinyi mmekabidhiwa bunduki na pingu kwa niaba ya umma, na mali ya umma ni sehemu ya lindo lenu. Pili, na hili tunalisema bila kuogopa, katika historia ya nchi yetu rushwa imewahi kuvaa sare.

MIAKA YA MAGENDO

Wazee waliotangulia katika kazi hii wanakumbuka. Mwezi Agosti mwaka 1972 utawala wa Idi Amin uliwaamuru Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Maduka, viwanda na nyumba walizoziacha waligawiwa watu waliokuwa karibu na utawala, na wengi wao walikuwa maofisa wa jeshi. Wananchi waliwapachika matajiri hao wa ghafla jina la mafuta mingi. Mwenye duka mpya aliuza bidhaa alizozikuta kwa bei aliyoitaka mwenyewe, na rafu zilipobaki tupu hakujua pa kuzijazia. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyokuwa fahari ya nchi, vilidhoofika hata sukari, ambayo zamani ilikuwa kitu cha kawaida mezani, ikawa kitu cha kupangiwa foleni.

Hapo ndipo magendo yalipoota mizizi. Bei ya kahawa ilipanda mno duniani baada ya baridi kali kuangamiza mibuni ya Brazil mwaka 1975. Badala ya neema hiyo kulifikia taifa, kahawa yetu ilivushwa usiku kwenda Kenya, na soko dogo la mpakani liitwalo Chepkube likapata umashuhuri ambao halikuwahi kuuota. Je, ni nani waliokuwa wakilinda mpaka huo? Ni askari na polisi. Wako waliokuwa waaminifu hata mwisho, na baadhi yao waliponzwa na uaminifu wao. Wako waliofumba jicho kwa gunia moja. Na wako ambao magunia yenyewe yalikuwa yao.

Sasa tuzitazame hesabu za watu katika miaka hiyo. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu milioni 9.5, na ile ya mwaka 1980 ikahesabu milioni 12.6. Hii ina maana kwamba watu zaidi ya milioni 3 waliongezeka katika kipindi kile kile ambacho uchumi ulikuwa ukirudi nyuma. Walaji walizidi na sahani zikapungua. Madaktari, walimu na wahandisi waliosomeshwa kwa kodi ya mkulima walikimbilia nchi za nje, wakaacha hospitali zisizo na dawa na shule zisizo na vitabu. Mtu akisema leo kwamba taabu ya miaka ile ililetwa na wingi wa watoto, tutamwuliza kama ni mtoto gani aliyegawiwa duka, na ni mtoto gani aliyevusha gunia la kahawa. Kosa halikuwa la waliozaliwa. Kosa lilikuwa la wakubwa walioila mbegu kabla haijapandwa.

DAFTARI LA UONGO

Mwaka 1986 utawala mpya uliingia na mpango wa nukta kumi, na kuondoa rushwa na matumizi mabaya ya madaraka kulikuwa mojawapo ya nukta hizo. Tangu wakati huo sheria nyingi zimetungwa, na Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ikapewa nguvu katika Katiba ya mwaka 1995. Hata hivyo, mwezi Desemba mwaka 2021 ofisi hiyo yenyewe ilitoa makadirio kwamba taifa linapoteza zaidi ya shilingi trilioni 9 kila mwaka kwa njia ya rushwa. Fedha hizo zikigawanywa kwa watu waliohesabiwa mwaka 2024, kila mmoja, tangu kitoto kichanga hadi kikongwe, angepata karibu shilingi 200,000. Nyumba yenye watu saba ingepata shilingi 1,400,000. Mkoplo anayesoma maneno haya afanye hesabu ya nyumba yake mwenyewe, kisha aamue kama wizi huo ni mambo ya wakubwa yasiyomhusu.

Wizi wa namna hii huanza wapi? Mara nyingi huanza katika karatasi ya majina. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeongezewa somo jingine, kwamba hata mali yenye daftari hupotea ikiwa daftari limejaa majina ya watu wasiokuwapo. Katika lugha ya siku hizi tumepata watumishi hewa, wanafunzi hewa, wastaafu hewa, na kwa aibu yetu sote, askari hewa.

Tuchukue mfano ulio wazi. Kombania moja ina majina 100 katika orodha ya mishahara, lakini wanaume na wanawake waliopo kambini ni 70. Mishahara 30 inaliwa na mtu aliyeiandika orodha pamoja na wenzake. Lakini hasara haikomi kwenye fedha. Watu 70 wanashika zamu za watu 100. Mlinzi aliyepaswa kulala saa sita analala saa tatu. Makao makuu yanapanga vita yakiamini kwamba pale pana kombania kamili, nayo haipo. Adui anaposhambulia usiku, hapigani na majina, anapigana na watu. Yale majina 30 hayafi, kwa sababu hayakuwahi kuishi. Wanaokufa ni wale wa kweli.

Mwaka 2003 ulifanyika uchunguzi kuhusu askari hewa katika jeshi letu, na mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani jenerali aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi zima, katika kesi iliyohusu fedha zilizolipwa kwa majina ya askari hewa. Tukumbuke mwaka 2003 ulikuwa mwaka gani. Ulikuwa mwaka ambao waasi wa LRA walivuka wakaingia Lango na Teso, wakiteka watoto na kuchoma vijiji. Kabla ya hapo, mwaka 1998, nchi yetu ilikuwa imenunua helikopta nne za kivita kutoka Belarus ambazo zilionekana kuwa chakavu, zisizofaa kuruka, na Tume iliyoongozwa na Jaji Julia Sebutinde ikachunguza jinsi fedha za walipa kodi, zaidi ya dola milioni 12, zilivyonunua vyuma hivyo. Askari aliyekuwa porini akitazama juu akisubiri msaada wa anga alikuwa na haki ya kujua kwa nini mbingu zilikuwa tupu.

Jaji huyo huyo alikuwa ameongoza Tume nyingine iliyochunguza rushwa katika jeshi la polisi mwaka 1999. Wananchi walijitokeza hadharani wakaeleza waliyotendewa. Hatuyakumbushi haya ili kuwaaibisha polisi wa leo, ambao wengi wao walikuwa watoto wakati huo au hawajazaliwa. Tunayakumbusha kwa kuwa kidonda kisichoonyeshwa hakipati dawa.

SHILINGI YA MTOTO

Kama askari hewa hudhoofisha ulinzi, basi shilingi ya shule inayopotea njiani hudhoofisha kizazi kizima. Jambo hili lina ushahidi hapa kwetu, na linasomwa na wataalamu wa nchi nyingi.

Katika miaka ya 1990 wachunguzi walizifuata fedha ambazo Serikali ilizitoa kwa ajili ya matumizi ya shule za msingi, mbali na mishahara ya walimu. Walikwenda katika shule 250, wakalinganisha kilichotoka hazina na kilichofika shuleni katika miaka ya 1991 hadi 1995. Waligundua kwamba katika kila shilingi 100 zilizotolewa, kwa wastani ni shilingi 13 tu zilizofika, na shule nyingi hazikupata hata senti. Sehemu kubwa ilimezwa katika ofisi za wilaya. Fedha hazikuibwa kwa mtutu wa bunduki. Zilipita katika mikono ya watu wenye tai na mihuri, kila mmoja akabana kidogo, na mtoto akabakia na vumbi la chaki.

Serikali ilipopata habari hizo ilianza kutangaza katika magazeti kiasi cha fedha kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika ubaoni kiasi zilichopokea. Mzazi asiyejua hesabu za serikali aliweza sasa kumwuliza mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akamwuliza ofisa wa wilaya. Ilipofika mwaka 2001, pamoja na hatua nyingine za ukaguzi zilizochukuliwa, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Hapo hakuna bunduki iliyopigwa. Kilichofanyika ni kwamba gizani pamewashwa taa.

Mabadiliko hayo yalikuja wakati wake hasa. Mwaka 1997 Serikali ilifuta ada ya shule za msingi, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika muda wa mwaka mmoja. Hebu tufikirie kama umati ule wa watoto ungeingia madarasani huku shilingi 87 katika kila 100 zikiendelea kupotea. Hata hivyo wezi nao hawakulala. Kwa kuwa shule ilipewa fedha kwa hesabu ya vichwa, walitokea walimu wakuu walioongeza vichwa visivyokuwapo, na wanafunzi hewa wakaingia katika daftari kama walivyoingia askari hewa. Hivyo ndivyo ongezeko la watu, ambalo ni jambo la kweli, linavyogeuzwa kuwa kisingizio cha wizi. Wilaya hupata mgao kwa kadiri ya watu wake, hospitali kwa kadiri ya wagonjwa wake, kikosi kwa kadiri ya askari wake. Mwizi aliyeelimika hahitaji kuvunja ghala. Anahitaji tu kuongeza sifuri moja.

Na rushwa yenyewe huongeza kasi ya uzazi. Jambo hili ndilo ambalo wengi hawalioni, kwa hiyo tutalieleza hatua kwa hatua. Msichana yuko darasa la sita katika shule isiyo na vitabu, isiyo na choo cha heshima, na mwalimu wake haonekani kwa kuwa mshahara wake umechelewa. Baba yake anaona kwamba hajifunzi kitu, anamtoa. Hana kazi, hana ujuzi. Kabla hajatimiza miaka 18 yuko kwa mume, au yuko nyumbani na mtoto asiye na baba. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu msichana mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 15 hadi 19 ama amekwisha kuzaa au ana mimba. Akienda zahanati kutafuta ushauri wa kupanga uzazi anaambiwa kwamba dawa zimekwisha, ilhali dawa zenye chapa ya Serikali zinauzwa katika duka lililo ng'ambo ya barabara. Siku ya kujifungua anadaiwa fedha kwa huduma ambayo Serikali imekwisha kuilipia. Mtoto wake wa kwanza akifa, atazaa wengine haraka kwa kuhofia kwamba nao watakufa. Binti yake atapita njia hiyo hiyo.

Mwanamke aliyemaliza shule ya sekondari huzaa watoto wachache kuliko mwenzake aliyekosa shule, nao huwa na afya bora. Katika nchi yetu wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa karibu 7 mwaka 1995, ukashuka hadi 5.4 mwaka 2016 na 5.2 mwaka 2022. Umeshuka pale ambapo shule na zahanati zimefanya kazi. Kwa hiyo anayeiba fedha za shule na dawa haibi fedha peke yake. Anaongeza idadi ya walaji na wakati huo huo anapunguza chakula. Kisha anasimama jukwaani kuwalaumu kina mama kwamba wanazaa mno.

WALIOPIGANA NA WALIOKULA

Liko tukio moja ambalo askari waliopigana kaskazini hawapaswi kulisahau. Vita vya huko viliwafanya watu wapatao milioni 1.8 kuishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Watoto walizaliwa, wakakua na wakaoa humo humo bila kushika jembe. Amani iliporejea, kwa jasho na damu ya wanajeshi na kwa subira ya wananchi, nchi rafiki zilichanga fedha za kuijenga upya sehemu hiyo, ili watu warudi vijijini, walime na kuzaa matunda ya uhuru wao. Mwezi Oktoba mwaka 2012 taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilifichua kwamba mabilioni ya fedha hizo yalichotwa Kampala. Ireland peke yake ilikuwa imepotezewa euro milioni 4. Wafadhili wakasimamisha misaada, na Serikali ikalazimika kurudisha fedha za watu kutoka katika hazina ile ile ya mlipa kodi. Hivyo mwananchi aliibiwa mara mbili: kwanza msaada wake, kisha kodi yake. Na askari aliyeacha mguu wake katika pori la Acholi aliibiwa maana ya mguu huo.

Katika mwaka huo huo ilifichuka habari ya malipo ya wastaafu hewa, wakati wastaafu wa kweli, pamoja na wajane na mayatima wa askari, walikuwa wakipanda na kushuka ngazi za ofisi wakiambiwa warudi wiki ijayo. Hapa kila mwenye sare ajitazame. Leo unamwachia mtu aandike jina la uongo katika daftari. Kesho jina lako la kweli litakosa nafasi katika daftari hilo hilo.

Tena tusidhani kwamba hatari hii ni ya kukosa fedha tu. Jirani zetu wa Zaire walikuwa na shaba, dhahabu, almasi na misitu, wakawa na jeshi kubwa katika karatasi. Mishahara ililiwa na wakubwa, na mwezi Septemba mwaka 1991 askari wenye njaa waliasi wakapora mji wa Kinshasa. Vita vilipokuja mwaka 1996 jeshi hilo lilikimbia kuliko kupigana, na mwezi Mei mwaka 1997 utawala wa Mobutu ukaanguka. Nchi hiyo ilihesabu watu wake mwaka 1984, kisha ikapita miongo minne bila sensa nyingine. Serikali isiyojua ina watu wangapi wala askari wangapi inapanga maendeleo kama mtu anayelenga shabaha huku amefungwa kitambaa machoni. Na mbali na hapa, huko Iraki, mji wa Mosul uliangushwa mwezi Juni mwaka 2014 na wapiganaji wachache kuliko jeshi lililoandikwa kuulinda. Miezi mitano baadaye waziri mkuu wa nchi hiyo alilitangazia bunge kwamba wamegunduliwa askari hewa 50,000. Askari hewa hawalindi mji.

MSHAHARA NI MDOGO

Tunajua jibu ambalo msomaji wetu amekwisha kuliandaa. Atasema: mshahara ni mdogo, watoto ni wengi, karo inadaiwa, na familia ya polisi inalala katika kibanda cha bati kinachochoma mchana na kuganda usiku. Je, nikatae shilingi elfu mbili ya dereva huku bwana mkubwa anajenga ghorofa?

Malalamiko haya si ya uongo, na anayeyapuuza hajawahi kulala katika kibanda hicho. Mkubwa anayemtaka konstebo awe mwaminifu kwa tumbo tupu, huku yeye mwenyewe anakula kwa mikono miwili, hana haki ya kuhubiri. Samaki huoza kuanzia kichwani, na sheria haina budi kuanzia huko. Umma umechoka kuona dagaa wakijaa mahakamani na sangara wakipita chini ya wavu.

Lakini tufuatane na hiyo shilingi elfu mbili. Dereva aliyeitoa kizuizini haitoi mfukoni mwake. Anaiongeza katika nauli ya abiria na katika bei ya gunia la mahindi. Gunia hilo linafika sokoni likiwa ghali, na anayelinunua ni mke wa konstebo yule yule. Gari lililoachwa lipite bila breki linapinduka kwenye mteremko likiwa na watoto wa shule. Lori la magendo lililoachwa mpakani linapita na ushuru ambao ungejenga nyumba za matofali mahali pa vibanda vya bati. Mshahara ni mdogo kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba fungu la mishahara linagawanywa pia kwa watu hewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi askari anayeshiriki wizi kwa sababu ya mshahara mdogo anafanana na mtu anayetoboa mtumbwi ili maji yaliyomo yatoke.

Nini kifanyike? Hatudai miujiza. Mwenye kuamuru kikosi asiwe ndiye mwenye kulipa kikosi, na mshahara upite benki kwa jina na alama ya mhusika. Gwaride la hesabu lifanywe bila kutangazwa, na mhesabuji atoke nje ya kikosi. Yale yaliyozifaa shule yafanywe pia kambini na kituoni: mgao wa chakula, wa mafuta ya gari na wa ujenzi wa nyumba ubandikwe ubaoni, ili hata kuruti ajue ni magunia mangapi yaliyotoka bohari kuu na ni mangapi yaliyofika jikoni. Siri za vita zina mahali pake, lakini idadi ya magunia ya maharage si siri ya vita. Sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda watoa habari za uovu ifundishwe katika vyuo vya mafunzo, na mkubwa anayemhamishia mbali aliyesema kweli ahesabiwe kuwa mshirika wa mwizi. Na kila askari, mke kwa mume, apange familia yake kwa kadiri ya uwezo wa kulea, na asimtoe binti shule kwa sababu yoyote. Taifa haliwezi kuwataka wananchi wapange uzazi ikiwa walinzi wao hawapangi.

Yamebaki maneno machache. Wakati msomaji alipokuwa akisoma makala haya watoto wapya wamezaliwa katika nchi hii, na wengine watazaliwa kabla hajamaliza zamu yake ya usiku. Hawakuomba kuja. Hawana cheo, hawana simu ya kumpigia mkubwa, wala hawawezi kuandikisha jina la uongo. Wao ni watu wa kweli, wenye haki ya kuhesabiwa mmoja mmoja. Kila jina hewa linalofutwa katika daftari linampa mmoja wao nafasi. Kila lori la magendo linalozuiliwa ni dawati, ni chanjo, ni kitanda cha mzazi.

Askari anapokula kiapo huapa kulinda nchi dhidi ya maadui wa nje na wa ndani. Adui wa ndani hatoki porini na mavazi yaliyochanika. Huja na kalamu, hucheka nawe, na mara nyingine hukuita rafiki. Atakapokuja kizuizini, bohari, au mezani kwenye orodha ya mishahara, tunawaomba mfanye kile mlichofundishwa siku ya kwanza ya lindo: msimamisheni, mwulizeni jina lake, kisha hakikisheni kwamba jina hilo lina mtu.